Daktari Tito Ananibana Kwapani

Jana usiku niliota nimeitwa kwenda kuvaa uhusika, na uhusika wenyewe ulikuwa umetundikwa kwenye henga.

Nianze kwa kusema mimi ni nani, maana ndotoni hakuna aliyeniuliza. Naitwa Mghanga. Ni mwigizaji. Kama umewahi kuona lile tangazo la mafuta ya kupikia ambalo baba mmoja anaonja chapati halafu anatokwa na machozi, yule baba ni mimi. Nina mke, Wakio, ambaye ni muuguzi. Tunakaa Nairobi, katika jengo ambalo maji hupanda ghorofani yakijisikia.

Majuzi nilipata nafasi kubwa ya kwanza maishani mwangu: kuigiza mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake, katika filamu ya mwongozaji mmoja aitwaye Bwana Nyangweso. Mhusika wangu anaitwa Tito. Ni daktari wa meno. Anampenda Onesmo, muuza maua.

Nafasi hiyohiyo aliijaribu pia rafiki yangu Muthiani, anayekaa ghorofa ya chini yetu. Tulisomea uigizaji pamoja. Muthiani ni mwigizaji mzuri kuliko mimi. Hilo Wakio husema hata bila kuulizwa. Tena Muthiani mwenyewe anapenda wanaume. Tunaolijua jambo hilo ni wachache, na kwa jinsi mambo yalivyo hapa kwetu, yeye anapendelea tubaki wachache. Bwana Nyangweso hayumo. Alimsikiliza Muthiani akisoma ukurasa mzima, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia, "Kaka, unajitahidi. Lakini huaminiki. Kuna kitu hukijui kuhusu watu hawa."

Muthiani akasema asante, akatoka. Nikaingia mimi. Nikalegeza mkono, nikapewa nafasi.

Muthiani alinipongeza kwa moyo wote. Ila tangu siku hiyo, tukikutana kwenye ngazi, tunaongea habari za maji.

Nililala na hayo moyoni na maharage tumboni, ndipo nikaitwa.

Chumba ni kipana, kina jua la mchana, kinanukia pasi. Katikati imekaa cherehani ya kukanyaga, ile ya miguu ya chuma. Haina fundi. Inajikanyaga yenyewe, na inaposema, maneno yanatoka moja moja, kila sindano inaposhuka.

"Huyu. Ni. Tito," ikasema. "Mvae."

Nikatazama kwenye henga. Tito alikuwa koti jeupe la daktari, shati la buluu na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Kichwa hakuwa nacho. Sauti yake ilitoka mfuko wa kifuani, mahali watu wanapoweka kalamu.

"Nitamvaaje?" nikauliza.

"Mkono. Mkono. Miguu," ikasema cherehani. "Si mnasema kila siku mnavaa uhusika? Au ulikuwa. Unasema tu?"

Nikaingiza mkono. Kabla sijaingiza wa pili, nikaona ni vizuri kuweka mambo wazi.

"Mimi nina mke," nikamwambia Tito.

"Habari ya mchana," akasema Tito.

"Anaitwa Wakio. Ni muuguzi."

"Nimefurahi. Wote walionivaa wana wake. Huwa naambiwa habari za mke kabla ya salamu. Kuna mmoja alinionyesha na picha za watoto. Watoto wazuri, ila mdogo alikuwa ananyonya kidole, na kile kitamharibia meno ya mbele."

Nikaingiza mkono wa pili. Tito akaguna.

"Unanibana kwapani," akasema.

"Wewe ndiye nguo. Wewe ndiye unayenibana."

"Mimi nimelegea kabisa. Wewe ndiye umejikaza humu ndani kama unaogopa nitakuambukiza kitu. Pumua."

Nikajaribu kupumua. Cherehani ikanizunguka na chaki, ikanichora mgongoni, ikasikitika. Ikasema hakuna la kupunguza wala la kuongeza, koti halina kosa.

Wakati huo akaingia Bwana Nyangweso. Ndotoni alikuwa vilevile alivyo: mfupi, kofia ya pama, sauti ya mtu anayeita gari lililoshaondoka. Tofauti ni kwamba mkononi alikuwa na spana.

"Leta mkono," akasema.

Nikampa wa kulia. Akakifunga kiwiko kwenye meza, akaweka spana kwenye kifundo, akalegeza. Nilisikia nati ikizunguka. Kiganja kikaning'inia kama soksi kwenye kamba.

"Safi sana," akasema Nyangweso. "Hapo sasa ni shoga kamili."

"Na mimi?" akauliza Tito kutoka mfukoni.

Nyangweso hakumsikia. Alikuwa anauletea mkono kiti. Kiti kilikuwa na jina lililoandikwa mgongoni: MKONO. Wakauletea chai na sambusa mbili. Mkono ukakaa, nami nikalazimika kusimama karibu, nimeinama, kwa sababu tulikuwa bado tumeungana begani.

"Nimesoma hadithi yote," ukasema mkono. Sauti yake ni nyembamba na ya madaha. "Naona mimi ndiye mhusika mkuu."

"Hakuna shaka," akasema Nyangweso.

"Ningependa nipunge mara nyingi zaidi."

"Utapunga mpaka uchoke."

Wakaendelea kuzungumza, wao wawili, juu ya namna ya kushika kikombe, namna ya kushangaa, namna ya kugusa bega la mwanamke dukani na kusema amependeza. Mimi nikainama pale nikisikiliza. Sambusa sikupewa.

"Nilisoma miaka mingi kuhusu taya peke yake," Tito akaninong'oneza. "Halafu wameajiri kifundo."

Kusema kweli, nilikuwa nimeanza kuuonea mkono wivu.

Ghafla tuko kwenye ukumbi wa benki. Hakuna aliyetoka mahali wala kuingia mahali. Dirisha la chumba cha cherehani lilikuwa dirisha, kisha likawa dirisha la benki, na watu wakapanga foleni. Nyangweso amesimama juu ya kaunta na kipaza sauti.

"Leo tunapiga picha ya Tito na Onesmo wakishikana mikono," anatangaza. "Naomba wenye mioyo dhaifu watoke nje."

Ajuza mmoja anatoka nje. Anarudi, amesahau miwani, anaichukua, anatoka tena.

"Onesmo yuko wapi?" nauliza.

"Amejitoa," anasema Nyangweso. "Mama mkwe wake amesikia."

Jambo hilo ni kweli hata nje ya ndoto. Yule aliyepangiwa kuwa Onesmo alijitoa juzi, na hadi leo hajapatikana mwingine. Lakini ndotoni Nyangweso hakuwa mtu wa kukwama. Wahudumu wakaingia wakisukuma friji, nyeupe, ndefu kunishinda, imefungwa skafu shingoni, kama friji ina shingo.

"Huyu ndiye Onesmo," akasema Nyangweso. "Mshike mkono."

Nikashika kile kishikio cha mlango. Kilikuwa baridi. Friji ikaunguruma, ikakohoa.

"Kabla hatujaendelea," ikasema friji, "nataka ieleweke kwamba mimi nina mke. Ni jiko la gesi. Tuna watoto, wote ni birika."

"Mimi pia nina mke," nikasema.

"Vizuri. Basi tushikane tukiwa tunajua hivyo."

"Tushikane tukijua hivyo."

Tukashikana. Mimi nikatazama dari, friji ikatazama mashine ya kutolea risiti. Mkono wangu, ule wenye kiti, ukakataa kushika kwa sababu ulisema huo haukuwa upande wake mzuri, kwa hiyo nilitumia wa kushoto. Nilihisi Tito anatetemeka mwili mzima. Nilidhani ni hisia.

"Ni hisia?" nikamuuliza.

"Ni baridi," akasema. "Umenisimamisha kwenye friji. Hata jina lake hujamwita. Katika hadithi nzima huyu ndiye mtu ninayempenda, nawe unamshika kama mlango wa choo cha stendi."

Nyangweso akalia machozi. "Kata!" akapiga kelele. "Ajabu! Sijawahi kuona ujasiri wa namna hii!"

Aliposema neno ujasiri, benki ikawa uwanja wa gwaride.

Nimesimama kwenye mstari wa mashujaa, juani. Bendi inapiga. Kushoto kwangu kuna mwanamume mwenye bandeji kuanzia kichwani mpaka kiunoni, ananing'iniza mkono kwa kitambaa. Anaitwa Koplo Lentaai. Ananisalimia kwa heshima.

"Umefanya nini, mwenzangu?" ananiuliza.

"Nimeshika mkono wa mwanamume. Na wewe?"

"Nimepigana na chui aliyekuwa amemkamata mama yangu." Anafikiri kidogo. "Huyo mwanamume alikuwa na makucha?"

"Hapana. Alikuwa na maziwa, na nusu tikiti."

Koplo Lentaai anatikisa kichwa, ameshangaa. "Na ulimshika kwa muda gani?"

"Mpaka waliposema kata."

"Mungu wangu," anasema Koplo, na anasogea nyuma hatua moja ili mimi nitangulie.

Jenerali akaja na nishani kwenye kitakia. Alikuwa mtu mzima, tumbo limekaza vifungo, sauti nzito. Akasoma kwa kipaza sauti: "Kwa ujasiri usio na kifani wa kuonekana unampenda mwanamume mwenzako, na baada ya hapo kurudi nyumbani kwa mkeo ukiwa salama." Umati ukapiga makofi. Nishani ilikuwa nzito kiasi kwamba koti likalalia upande mmoja.

Nikatazama umati, nikamwona Muthiani. Amesimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, ameshika begi langu. Sijui alipewa saa ngapi. Alikuwa anapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya begi, na alikuwa anatabasamu lile tabasamu la kwenye ngazi.

Nikamsogelea. "Umeona?" nikamwambia.

"Nimeona, ndugu yangu. Hongera." Akainama karibu na sikio langu. "Hebu niulizie kitu kwa huyo mzee. Usinitaje. Muulize, mtu akimshika mwanamume mkono kwa sababu anampenda kweli, naye hupewa nishani ya ukubwa gani?"

Nikarudi kwa jenerali. Nikauliza bila kutaja jina. Jenerali akakunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayekumbuka kanuni.

"Huyo hapewi nishani," akasema. "Huyo anakamatwa."

"Lakini mkono ni uleule, Jenerali."

"Ni uleule kabisa."

"Basi tofauti ni nini?"

Jenerali akatazama kulia na kushoto. "Wewe hukumaanisha," akasema kwa upole, akanipigia saluti.

Bendi ikapiga tena. Nilipogeuka kumpelekea Muthiani jibu, nikamkuta ameshika begi langu vilevile, amelifuta vumbi. Sikumwambia kitu. Lile koti likazidi kunibana kwapani.

"Twende," akasema Nyangweso nyuma yangu. "Imebaki picha ya mwisho."

Sasa tuko makaburini, lakini jua bado ni la mchana na vipaza sauti vya gwaride bado vimefungwa kwenye miti. Pembeni kuna waombolezaji wa kukodi, wamevaa kanga zinazofanana. Mbele yao, juu ya kiti cha plastiki, limekaa jeneza. Linakula karanga.

"Wewe ndiye Tito?" likaniuliza. "Vua viatu, karibu ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani yangu." Likafunua kifuniko kidogo kuonyesha. Ndani kulikuwa na kitambaa cha zambarau, kimefungwa vizuri. "Usijali, nimefuliwa. Mimi ndiye huwabeba wote wa namna yako."

Nikamgeukia Nyangweso. "Tito anakufa?"

"Lazima afe," akasema Nyangweso. "Ndiyo kanuni. Wa namna hii hafiki mwisho."

"Anakufa kwa ugonjwa gani?"

"Bado hatujaamua."

Jeneza likatafuna. "Huwa hawajaamua," likasema. "Mimi hupigiwa simu kwanza, kabla hata mhusika hajapewa jina. Nimebeba waliozama, nimebeba waliogongwa na gari. Kuna mmoja alikufa kwa kutazama mvua dirishani. Hakuwa na tatizo lolote, alitazama tu sana. Nikamwuliza, kaka, hukuwa na kazi ya kufanya? Akasema hapana, hawakumwandikia kazi."

Mfuko wa kifuani ukatikisika.

"Naomba kusema," akasema Tito.

Kila mtu akanyamaza, hata mkono.

"Mimi ni daktari wa meno," akasema Tito. "Imeandikwa ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo nalia, nafukuzwa na baba, nalia, napunga, nashikana mkono na friji, nakufa. Mgonjwa hajaingia hata mmoja. Kufa sikatai kama ni lazima. Ila ningependa kuziba jino la mtu, mara moja tu, niione ile sura yake anapoambiwa sukutua."

Waombolezaji wakatazamana. Mmoja akaanza kulia kwelikweli, nje ya zamu.

Nyangweso alikuwa na haki ya kufikiri, na alifikiri. "Kuziba jino," akasema, "kunahusiana vipi na ushoga?"

"Hakuhusiani," akasema Tito.

"Basi tunakuondoa," akasema Nyangweso. "Ingia kwenye jeneza."

Hapo nikaona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema. Tito akizikwa, mimi nimo ndani yake. Nikashika kifungo cha juu nikifungue. Kifungo kikakataa. Nikajaribu cha pili. Vyote vikashikana vidole, kama vifungo vina vidole, vikaniambia kwa pamoja kwamba nimemvaa nusu na siwezi kumvua mzima.

"Bwana Nyangweso," nikasema, "mimi nina mke."

"Tutampa pole," akasema.

Jeneza likashuka kwenye kiti, likafunguka wazi. Halikuwa na ubaya. Lilinifutia miguu. Wahudumu wakanishika mabega, nikaingizwa mguu mmoja. Kitambaa cha zambarau kilikuwa laini sana, na ulaini huo ndio ulionitia hofu kuliko kitu chochote katika ndoto hiyo. Nikapiga kelele jina la kwanza lililokuja kinywani, na halikuwa la mke wangu.

"Muthiani!"

Mwombolezaji mmoja akavua kanga kichwani. Kumbe ndiyo nafasi aliyopewa: kulia kwenye mazishi, safu ya nyuma. Ndiye aliyekuwa analia nje ya zamu. Akaja, macho mekundu, begi langu bado limo kwapani. Nilidhani ataninyanyua. Hakunigusa. Alichuchumaa karibu na jeneza, akazungumza na mfuko wa kifuani.

"Daktari," akasema, "kliniki yako iko wapi?"

Nilihisi koti likijaa hewa.

"Juu ya duka la viatu," akasema. "Kwenye kona. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nina kiti cha kijani. Nilitaka cha buluu, hakikupatikana. Dirishani nina samaki wa kufugwa ili wagonjwa watulie, lakini mmoja wao ni mkali, anawatisha."

"Anaitwaje huyo mkali?"

"Hakimu."

"Na Onesmo ulikutana naye wapi?"

"Alikuja na jipu kwenye fizi." Tito akacheka, cheko fupi la aibu. "Alikuwa hawezi kusema. Alikaa mdomo wazi, mimi nikiongea peke yangu. Siku ya pili alileta maua, akasema sasa na mimi nisikilize."

"Sasa nakuelewa," akasema Muthiani.

Vifungo vikafunguka, kimoja baada ya kingine, bila kuguswa. Koti likanitoka mabegani lenyewe, likazunguka hewani mara moja kwa furaha, likamvaa Muthiani. Halikumbana popote. Mikono ilimtosha, kola ilimkaa. Nikabaki ndani ya jeneza na fulana yangu ya kulalia, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Nyangweso akatupa kofia chini. "Huyu nilimkataa! Huyu haaminiki!" Akamnyooshea Muthiani spana. "Una ushahidi gani kwamba unawajua watu hawa?"

Nilimwona Muthiani akimeza mate. Wote walikuwa wanamtazama, na jenerali, ambaye sijui alifika saa ngapi, alikuwa ametoa pingu na kuzifuta kwa kitambaa. Mimi nilijua jibu. Nilifungua mdomo nimsaidie, kisha nikaona msaada wangu ungemfikisha wapi, nikaufunga.

"Ulinitaka nije niigize," akasema Muthiani, polepole, "au nije nitoe ushahidi?"

Nyangweso akafikiri. Akamtazama jenerali. Jenerali akatazama pingu zake kama mtu aliyeshika kitu asichokumbuka alikinunulia nini.

"Kuigiza," akasema Nyangweso, kwa sauti ndogo.

"Basi niache niigize." Akageuka kwa waombolezaji, akakunja mikono ya koti. Sasa sikujua ni yeye aliyesema au ni Tito, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na haja ya kujua. "Nani ana jino linalomsumbua?"

Watu wote wakatazama chini. Jenerali akafunika shavu. Ule mkono wangu, mhusika mkuu, uliokuwa umekaa kimya tangu zamani, ukanyanyuka. Ukajikaza wenyewe, nati ikalia, ukanyooka kama mkono wa askari wa barabarani, ukanielekeza mimi mwenyewe, mwenye nao.

"Huyu," ukasema. "Gego la chini, kushoto. Anatafunia upande mmoja na hataki mkewe ajue."

"Kaa, tafadhali," akasema daktari.

Nilikuwa nimo ndani ya jeneza, sikuwa na pa kukaa. Jeneza likaelewa. Likajikunja katikati, kifuniko kikainuka kuwa mgongo, pande zikawa mikono ya kiti, likanilaza taratibu na kunipandisha juu kidogo. Likawa kiti cha daktari wa meno, cha zambarau.

"Kumbe naweza," likasema jeneza kwa mshangao. "Miaka yote hii."

Friji ikawasha taa yake ya ndani na kufungua mlango ili tupate mwanga. Daktari akainama. Uso ulikuwa wa Muthiani, lakini macho yalikuwa ya mtu aliyefika kazini baada ya kusubiri muda mrefu sana. Nikafungua mdomo. Akaingiza kidole, akagusa gego, akaguna kwa kuridhika.

"Shimo zuri hili," akasema. "Usiume. Tulia hivyohivyo. Tuko karibu kumaliza."

Waombolezaji walikuwa wamesogea wote kutazama. Jenerali alikuwa ameshika taulo. Nyangweso, nakiri, alikuwa amejisahau. Alikuwa ametazama kwa mdomo wazi kama sisi sote, na machozi yake safari hii hayakuwa na kelele. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwongozaji, na kwamba picha ikishakuwa nzuri kiasi hicho kuna neno analopaswa kulisema. Akavuta pumzi.

"Kata!" akapiga kelele.

Mimi ni mwigizaji mtiifu. Nikakata.

Muthiani akapiga yowe, nami nikaamka.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia, Wakio amevaa sare ya kazini na anachana nywele mbele ya kioo. Akaniangalia kwenye kioo bila kugeuka.

"Umesema 'samahani daktari,'" akasema. "Kwa sauti ya mtoto kabisa."

Nikamsimulia ndoto nzima, pamoja na friji. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka mahali nilipotegemea. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Sasa utafanya nini?"

Nikamwambia tushuke wote kwa Muthiani. Tukashuka. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, kwa sababu kubisha mlango wa mtu mikono mitupu, ukiwa na maneno kama yangu, si rahisi. Muthiani alifungua akiwa na fulana na macho ya usingizi. Akaanza kusema kwamba maji yamerudi. Nikamkatiza.

"Leo naenda kwa Nyangweso," nikasema. "Twende wote. Namwambia akusikilize tena. Wewe Tito, mimi Onesmo. Onesmo hana mtu, na maua nayajua kidogo."

Akaitazama chupa ya chai. "Atasema sijui watu hawa."

"Akisema hivyo, mimi naondoka, yeye abaki na filamu yake."

"Mghanga, ni nafasi yako ya kwanza kubwa."

"Najua. Nimeshalala nayo."

Akacheka, kidogo kwanza, kisha kweli, lile cheko nililokuwa sijalisikia kwenye ngazi siku nyingi. "Na utaweza kunishika mkono mbele ya kamera? Bila kutazama dari?"

"Nitakuita na jina."

"Basi ingieni mnywe chai. Tena Wakio, umekuja wakati mzuri, hebu niangalizie hiki." Akatoa mkono wa kulia nyuma ya mlango. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa cha jikoni, na kitambaa kilikuwa na damu. "Nimeamka nikipiga yowe. Nadhani ni panya. Jengo hili panya wamezidi."

Wakio akakifungua kitambaa, akakigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha la ngazi, juu, chini, kwa utulivu wa mtu aliyeshaona vidole vingi.

"Panya huyu," akasema, "ana magego."

Wote wawili wakanitazama. Mimi nilikuwa nimefunga mdomo.